Kishoka Hana Undugu

Maneno yanayotuumiza sana sisi Waswahili wa Arizona ni mawili tu: “ni mwenzetu.” Kiyoyozi kikigoma katikati ya Julai, hatuulizi leseni, tunauliza fundi anatoka wapi. Akiwa wa Uvira, Kigoma au Mombasa, akiwa anasali nasi kanisa moja au ameoa kwa jirani, mjadala umefungwa. Anapewa funguo, anapewa fedha taslimu, na kesho yake simu haipokelewi. Nasema wazi, na anayenuna anune: huyo ni kishoka, ndugu wa wale waliotutia hasara Dar es Salaam kwa kujifanya mafundi wa shirika la umeme. Kuvuka bahari hakumfanyi mtu kuwa mkandarasi.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo. Dogo? Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipitia siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Mwaka huo huo kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Wengi wa waliofia majumbani walikuwa na kiyoyozi mle mle ndani, ila hakifanyi kazi. Katika jangwa hili kiyoyozi si anasa ya watu wa Masaki au Nyali. Mtu unayemkabidhi roho ya bibi yako na ya mtoto mchanga humchagui kwa lafudhi.

Sheria ya jimbo hili wala haina fumbo. Ipo ofisi inayosajili makandarasi wote, Arizona Registrar of Contractors, maarufu kama ROC. Anayetaka kufunga au kutengeneza viyoyozi na mitambo ya kupasha joto katika nyumba za kuishi anahitaji leseni ya daraja la R-39. Majengo ya biashara yana C-39, na anayefanya kote kuwili ana CR-39. Namba ya leseni, ikitanguliwa na herufi ROC, lazima ionekane kwenye matangazo yake na kwenye makadirio ya bei anayokuandikia. Kufanya ukandarasi bila leseni ni kosa la jinai, na faini ya mara ya kwanza haipungui dola 1,000.

Upo msamaha mmoja, na hapo ndipo vishoka wamejenga kijiji. Kazi ndogo isiyofika dola 1,000, vifaa na ufundi kwa pamoja, isiyohitaji kibali cha ujenzi, inaweza kufanywa na fundi asiye na leseni. Lakini akijitangaza, lazima aandike kwamba si mkandarasi mwenye leseni. Ni nani kati ya mafundi wetu wa WhatsApp amewahi kuandika hivyo? Wanachofanya ni kukata kazi ya dola 2,700 vipande vitatu: “Nipe 900 leo, 900 Ijumaa, 900 tukimaliza.” Sheria imekwishaiona hila hiyo na kuikataa. Kazi ni moja hata ukiilipa kwa mafungu kumi.

Hila ya pili ni kadi. Unamwuliza leseni, anachomoa kadi ya EPA 608, ya shirika la mazingira la Marekani. Hiyo si leseni ya ukandarasi. Ni cheti cha shirikisho kinachotakiwa kwa kila fundi anayefungua mfumo wa gesi ya kiyoyozi, kiwe cha Phoenix au cha Boston. Kinaonyesha kwamba alifaulu mtihani wa kushughulikia gesi. Hakimruhusu kuingia mkataba na wewe, na hakikupi pa kushtaki mambo yakiharibika.

Hila ya tatu ndiyo inayokausha mifuko: “Mama, gesi imeisha, tujaze.” Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja mahali. Fundi halisi hutafuta tundu kwanza, akaziba, ndipo akajaza. Kishoka anajaza bila kutafuta, kwa sababu tundu ndilo mshahara wake wa kiangazi kijacho. Na sasa mchezo umekuwa wa hatari zaidi: mitambo mipya ya majumbani inatoka na gesi kama R-32 na R-454B, ambazo zinaweza kushika moto, japo si kwa wepesi. Unataka mtu wa kubahatisha achezee hiyo juu ya dari uliyolala chini yake?

Najua jibu lenu: hata wenye leseni ni wezi. Ni kweli, wapo wanaokuuzia mtambo mzima wa maelfu ya dola wakati kilichokufa ni kapasita tu. Lakini mwenye leseni ana pa kukamatiwa. Una miaka 2 tangu kazi ikamilike ya kumlalamikia ROC, nao wanaweza kumwagiza arekebishe au kumnyang'anya leseni. Akishindwa, upo mfuko wa fidia unaoweza kumlipa mwenye nyumba anayeishi humo hadi dola 30,000. Sasa sikiliza vizuri: mfuko huo ni kwa waliodhulumiwa na makandarasi wenye leseni. Uliyemwajiri kishoka unaweza kumripoti, na mahakama ikimpata inaweza kumwamuru akulipe, lakini mlango wa mfuko umeufunga mwenyewe siku ulipojiokolea dola 300.

Tena tunapenda kulipana kwa mdomo, kana kwamba karatasi ni matusi kati ya ndugu. Wahenga walituachia onyo: mali bila daftari hupotea bila habari. Arizona imeliandika kama sheria. Kazi inayozidi dola 1,000 mkandarasi lazima aitolee mkataba wa maandishi wenye jina na namba yake ya leseni, maelezo ya kazi, bei yote, malipo ya awali na tarehe inayotarajiwa ya kumaliza.

Wapangaji nao nawashangaa. Mnachanga kumlipa kishoka atengeneze mtambo usio wenu! Sheria ya jiji la Phoenix inataka nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi iweze kupoa hadi nyuzi 28 au chini yake. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba. Mwandikieni, tunzeni nakala.

Na nyinyi mafundi wetu wenye ujuzi wa kweli, mnaojificha nyuma ya undugu: hadi lini? Makuu yanayodaiwa na sheria ni miaka 4 ya uzoefu, mitihani na dhamana. Arizona ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 2019, kupitisha sheria pana ya kutambua leseni za majimbo mengine, kwa hiyo hata aliyehamia kutoka kwingine Marekani hana kisingizio. Mwenye leseni anaajiri vijana wetu. Kishoka anawafundisha kukimbia.

Walio nje ya Arizona wasidhani hawahusiki. Texas mkandarasi wa viyoyozi ana namba inayoanza na TACLA au TACLB. California ni daraja la C-20, na malipo ya awali kwa kazi ya nyumbani hayaruhusiwi kuzidi asilimia 10 au dola 1,000, kile kilicho kidogo. New York, Illinois na Pennsylvania hazina leseni ya jimbo kwa kazi hii, hivyo uliza jiji au kaunti yako. Mashirika yanayopokea wakimbizi yaliweke somo hili sambamba na lile la kupanda basi, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kutafuta jina kwenye tovuti ya ROC ni bure na hakumalizi dakika tano. Angalia kama leseni iko hai, kama daraja ni la viyoyozi na si la kupaka rangi, kama jina linafanana na la mkataba, kama ana malalamiko. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata dola moja, mwambie huyo mwenzetu: nipe namba yako ya ROC. Akikasirika, mfungulie mlango aondoke.