Watoto wa Msamvu sasa ni watu wazima

Mtoto aliyekuwa na miaka 13 asubuhi ya Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, na kulipuka, leo ana umri wa kupiga kura, na huenda keshapata mtoto wake mwenyewe. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Taifa liliomboleza siku tatu, marehemu wakazikwa makaburi ya Kola, majeruhi wenye hali mbaya wakakimbizwa Muhimbili. Kwa hayo Serikali haikuchelewa. Sisi tunawaulizia waliobaki wakiwa wadogo: waliofiwa na baba, walioiona miili, waliopelekwa kwa bibi huko Matombo au Mgeta, milimani Uluguru, wakaambiwa wajikaze. Nani anajua wako wapi?

Tunahoji kwa sababu kiwewe cha utotoni hakiishi kwa mtu kukua. Hubadili sura tu. Kijana wa bodaboda anasimama kwa muuza petroli ya chupa, harufu inampanda, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Abiria anaambiwa ni malaria. Usiku usingizi hauji, na ukija anashtuka. Mkewe akiangusha sufuria, anafoka kama katukanwa, kisha anajuta, kisha anakwenda kunywa. Majirani watasema karogwa. Wajomba watasema ukoo wao ndivyo ulivyo, wana hasira. Naye mwenyewe hajawahi kuyahusisha haya na asubuhi ile.

Na Msamvu angalau kila mtu aliisikia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulibaini kwamba karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walifanyiwa ukatili wa kimwili. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Wapigie hesabu: ndio wazazi wa sasa, walimu wa sasa, na wengine ndio wanaoshika fimbo.

Tiba ipo, wala haihitaji daktari bingwa kila kijiji. Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa waliongoza vikundi vya watoto yatima, wakiwasaidia kusimulia kifo cha mzazi hatua kwa hatua badala ya kukikwepa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha nafuu kubwa kuliko huduma za kawaida Bungoma kote na vijijini Moshi; Moshi mjini tofauti haikuwa kubwa. Wale walikuwa bado watoto. Kwa watu wazima pia, Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya mazungumzo inayolilenga tukio lenyewe. Maombi na pole za ndugu tunaziheshimu, lakini “yameshapita, sahau” si matibabu.

Kwa hiyo tunaitaka Manispaa ya Morogoro itafute orodha ya familia zilizofiwa Msamvu, na maofisa ustawi wa jamii wabishe hodi nyumba kwa nyumba, hadi milimani. Zahanati za Uluguru zimuulize mtu mzima anayelalamikia usingizi, mapigo ya moyo au pombe swali ambalo kwa kawaida haulizwi: ulipokuwa mdogo, ulipatwa na nini? Na bajeti ya halmashauri itaje kwa jina mshahara wa atakayekaa kumsikiliza akijibu.