Kuondoka kwa Naomi na Kimya cha Mamake Sauna

Tangu Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei, ilipotahiniwa katika shule za upili nchini Kenya kati ya 2018 na 2022, Naomi amekuwa mhusika wa kurushiwa mawe. Insha nyingi humwita msaliti, mbinafsi, mama asiye na utu. Hukumu hiyo ina msingi. Lunga, mumewe, alipoteza kazi kwa kukataa wananchi wauziwe mahindi yaliyoharibika, wakageukia kilimo, kisha wakafurushwa msituni pamoja na maskini wenzao. Dhiki ilipozidi, Naomi akaondoka, akawaacha Umu, Dick na Mwaliko mikononi mwa baba ambaye naye hakukawia kuaga dunia.

Hata hivyo, wasomaji wanaoishia hapo hawajamaliza kusoma. Ni nani hasa anayeitawanya familia hii? Ni Sauna, kijakazi anayewaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi. Kangara, mfanyabiashara wa watoto. Na Sauna ametoka wapi? Ametoka katika nyumba ambayo baba wa kambo alimnajisi, na mama mzazi, badala ya kumshtaki mumewe, akasaidia mimba iavywe na kumwonya bintiye asithubutu kumwambia mtu. Mama huyo hakutoroka. Alibaki na mumewe, akapika, akafagia, akailinda ndoa yake kwa kumtoa mhanga mwanawe. Kwa jirani apitaye nje, ni mke mwema kuliko Naomi!

Hapa ndipo uhakiki wetu unapochechemea. Tumezoea kuipima ndoa kwa kudumu kwake, nao uzazi kwa kuwapo kwa mzazi nyumbani. Mama aendaye zake huonekana; mama anyamazaye haonekani, na aghalabu husifiwa kwa uvumilivu. Ilhali madhara ya kimya yanavuka kizingiti cha nyumba moja na kuingia katika nyumba ya pili: msichana aliyenyimwa haki na mamake ndiye anayewanyima wenziwe utoto wao.

Umaskini, basi, usibebeshwe lawama zote. Mathalani, Mwangeka alifiwa na mke na mtoto wake katika moto wa ghasia. Apondi, anayemwoa baadaye, ni mjane mwenye binti. Wote wawili wana majeraha, lakini kila mmoja anaingia katika ndoa akilijua jeraha la mwenzake. Nyumba hiyo ndiyo inayopata nafasi ya kumpokea Umu kama mwana. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) mambo ni kinyume. Zakaria, mlevi na mkali, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua bila mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, na yaliyopita yanapofika masikioni mwa mchumba wake, uchumba unavunjika na Rosa anajitoa uhai. Fimbo ya baba na onyo la mamake Sauna ni ndugu wa tumbo moja: zote humfundisha mtoto kuficha.

Haya si kumtakasa Naomi. Watoto wake waliteseka kweli, na majuto yake ya baadaye hayafuti chochote. Lakini mwalimu anayemwomba mwanafunzi aorodheshe sifa za Naomi bila kumwuliza chochote kuhusu mamake Sauna anaendeleza kimya kile kile ambacho riwaya inakifichua. Na labda riwaya yenyewe haijasalimika. Sauna anakamatwa na kuadhibiwa kwa wizi wa watoto. Mamake, aliyekijua chanzo cha yote, harudishwi jukwaani kuulizwa lolote, na Naomi ndiye anayebaki kuadhibiwa katika karatasi za mtihani.