Boti yako ikituma ujumbe, nani anasimama nyuma yake?

Tuseme uko Kondele, bando limebaki kidogo na kwenye simu yako una Termux. Unaandika mstari mmoja wa amri, unabonyeza Enter, na bei ya omena ya asubuhi pale Dunga Beach inatua kwenye makundi matano ya Telegram kwa mpigo. Hujafungua hata kundi moja. Kazi imefanywa na boti, na hapa sisemi zile za wavuvi. Nasema programu ndogo inayotuma ujumbe kwa niaba yako.

Wala si uchawi. Telegram inakuruhusu kuunda boti bure na kukupa tokeni, yaani ufunguo wake wa siri. Mpaka upo pia: isizidi jumbe 20 kwa dakika katika kundi moja. WhatsApp ni wakali zaidi. Ukirusha jumbe kwa wingi kwa programu zisizo rasmi, namba yako inaweza kufungiwa. Kutuma basi si kazi ngumu. Kazi ni kujibu: ukishatuma, nani anasimama nyuma ya ujumbe huo?

Swali hilo lilifika kortini mwaka 2025. Rose Njeri, mtaalamu wa programu jijini Nairobi, alitengeneza ukurasa wa kumsaidia Mkenya kutuma barua pepe kwa kamati ya Bunge akipinga Mswada wa Fedha. Unabonyeza, barua inaenda. Mei 30 akakamatwa, akalala seli wikendi nzima ya Madaraka. Juni 3 akashtakiwa kwa kuvuruga mfumo wa kompyuta bila idhini, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Juni 20 mahakama ikatupa mashtaka hayo: hayakuonyesha kosa lolote.

Hebu fikiria. Kila barua ilitumwa na mtu aliyeamua mwenyewe kubonyeza. Barua mia ni watu mia. Na Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Ukiita watu waje watoe maoni, wakija wengi usiseme mlango umevamiwa.

Lakini tusijidanganye, kuna upande wa pili. Aprili 1994, mawakili wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walitumia programu ndogo kubandika tangazo lao kwenye makundi zaidi ya 5,000 ya Usenet, mtandao wa majadiliano wa enzi hizo. Walikuwa wakiuza huduma za bahati nasibu ya green card, ile ile ambayo watu wetu bado wanaiota. Watumiaji waliwaka moto, na hadi leo kisa hicho hutajwa kila spamu inapozungumzwa.

Ajabu ni kwamba Usenet ilikuwa na breki yake. Pnews, programu ya kutuma ujumbe kwa amri, ilikuonya kwanza kwamba maneno yako yatafika kwenye maelfu ya mashine na kuwagharimu wengine pesa. Kisha ilikuuliza kama una uhakika kabisa. Boti unayojiandikia usiku haitakuuliza hivyo. Inabidi ujiulize mwenyewe.

Tofauti basi ni hii. Kwa Njeri, mtu mmoja alikuwa na ujumbe mmoja. Kwa mawakili wale, watu wawili walijaza maelfu ya makundi. Mbaya zaidi ni mtu mmoja mwenye akaunti hamsini anayejifanya mtaa mzima wa Nyalenda umekasirika. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na kazi hiyo haitakosa wateja. Ukipewa hela kidogo uifanye, jua unauza sauti za majirani zako bila wao kujua.

Wala usidhani boti inakuficha. Amri uliyoandika, pamoja na tokeni, mara nyingi inabaki kwenye historia ya simu yako. Na huku kwetu ziwani tunajua gharama ya ujumbe. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay Juni 7, 2025 kuhusu chapisho la X lililomtaja Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat. Akapelekwa hadi Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti, akiwa mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukapinga maelezo hayo.

Ojwang hakuhitaji boti ili aandamwe. Wanaoogopa ujumbe watatafuta kisingizio chochote, na spamu yako ni kisingizio cha bure. Siku ukiandika programu ya kuwasaidia watu wapinge ushuru, isiwe rahisi kwa mtu kusema huo ulikuwa uvamizi.

Kwa hiyo weka wazi kwamba boti ni boti. Omba ruhusa kwa msimamizi wa kundi, na ajue nani anaiendesha. Kama ni maoni ya wananchi, kila ujumbe uwe na mwananchi wake. Halafu kabla ya Enter, jiulize lile swali la zamani: una uhakika kabisa?