Shule Ndogo ya Enoosaen na Matunda Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za chanjo, lishe na malezi ya watoto. Mwezi huu naomba tuzungumze habari za shule. Msishangae. Yako maradhi ambayo dawa yake haikai katika kabati la zahanati, bali darasani. Nimechagua shule moja ndogo ya kujitegemea, isiyo ya serikali, iliyoko kijiji cha Enoosaen, upande wa Trans Mara, katika kaunti ya Narok nchini Kenya. Ni shule ya wasichana iliyofunguliwa mwaka 2009 ikiwa na wanafunzi 30 na kitu, wote wa darasa la nne. Mwanzilishi wake ni Dakta Kakenya Ntaiya, binti Mmaasai wa kijiji hicho hicho.

Msichana na baba yake

Kakenya alizaliwa mwaka 1978, kifungua mimba katika watoto 8. Alipokuwa na umri wa miaka 5 tu, alikwisha kuambiwa ni nani atakayekuwa mume wake. Baba yake alikuwa askari polisi na nyumbani alionekana kwa nadra. Mama yake ndiye aliyelima na kulea, naye kwa kuwa alikosa elimu, alitamani sana watoto wake waipate.

Desturi ilikuwa wazi. Msichana akibalehe hukeketwa, akisha kukeketwa huolewa, na masomo huishia hapo. Kakenya alitaka kuwa mwalimu. Basi akamwendea baba yake, jambo ambalo si dogo kwa binti wa Kimaasai, akamwambia kwamba atakubali sherehe ile iwapo tu ataruhusiwa kurudi shuleni, la sivyo atatoroka. Baba, kwa kuogopa aibu ya binti mtoro, alikubali.

Akina mama, hapa liko jambo ambalo mimi kama muuguzi siwezi kulipita kimya. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba, siku 3 baada ya sherehe, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka, mama yake alimleta muuguzi nyumbani kuwatibu. Baada ya wiki 3 alikuwa amepona, akarudi masomoni. Mama yule hakuwa na uwezo wa kuizuia desturi, lakini alifanya lile aliloweza. Wangapi katika vijiji vyetu waliachwa na majivu na maombolezo tu, wala hatukuwaona tena?

Ahadi kwa kijiji

Alipomaliza sekondari, Kakenya alipata nafasi ya kusoma katika chuo cha wanawake cha Randolph-Macon, jimbo la Virginia, Marekani. Nauli hakuwa nayo. Kumpata mtu wa kumchangia msichana ilikuwa kazi ngumu, kwa maana wengi walisema heri nafasi hiyo apewe mvulana. Wazee wake huamini kwamba habari njema hufika kabla ya jua kuchomoza. Basi alfajiri alikwenda kwa mzee ambaye neno lake lilikuwa na uzito, akaomba baraka. Huyo akamwelekeza kwa wengine, na mwishowe kijiji kizima kikachanga. Naye akaahidi kwamba akisoma atarudi kuwasaidia.

Alihitimu mwaka 2004, akaendelea hadi kupata shahada ya udaktari wa falsafa katika elimu, Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mwaka 2011. Lakini hakungoja cheti cha mwisho ndipo atimize ahadi. Aliporudi kijijini aliwauliza akina mama wanahitaji nini. Walimwambia wanahitaji shule ya wasichana, mahali ambapo binti zao watakuwa salama.

Nikisoma habari hizi nawakumbuka binti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu sura ya 27. Hawakulalamikia kisimani. Walisimama mbele ya Musa na wazee wote, wakaeleza haja yao kwa adabu, na Mungu akasema wana haki. Heshima na ujasiri vyaweza kukaa katika moyo mmoja.

Maisha ya shuleni

Shule hii ina sharti moja ambalo ndilo nguzo yake. Mzazi anayetaka binti yake apokelewe hutoa ahadi kwamba hatamkeketa wala kumwoza angali masomoni. Ahadi hii humfunga baba pamoja na mama. Ndiyo maana nasema shule hii haifundishi watoto peke yao, hufundisha na boma zima.

Ilionekana mapema kwamba kumfundisha mtoto mchana na kumrudisha jioni hakutoshi. Njia zilikuwa ndefu, na njiani msichana aliweza kukutana na wabaya. Akifika nyumbani kulikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta na wadogo wa kubeba, hata usiku ukaingia kabla hajafungua daftari. Basi shule ikawa ya bweni. Mtoto akipata kitanda chake, chakula cha saa tatu asubuhi na cha mchana, na taa ya kusomea jioni, hata akili iliyodhaniwa nzito huanza kuchangamka. Sisi wauguzi twajua kwamba mtoto mwenye njaa si mjinga, ana njaa.

Pamoja na hesabu na lugha, wasichana hufundishwa habari za miili yao, hedhi, mimba, ukeketaji na haki zao mbele ya sheria. Mafundisho haya hayakufungiwa ndani ya ua wa shule. Hupelekwa katika kambi za mafunzo kwa watoto wa shule za jirani, wavulana nao wakiwamo. Hilo ni jambo la busara sana. Mvulana wa leo ndiye atakayeulizwa kesho kama yuko tayari kuoa binti asiyekeketwa.

Matunda

Mwaka 2012 Dakta Kakenya aliueleza mkutano mmoja Marekani kwamba shule ilikuwa na wasichana 125, ambao hawatakeketwa wala kuozwa wakiwa na miaka 12. Mwaka 2013 darasa lile la kwanza lilifika darasa la nane na mtihani wa KCPE, mtihani ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho nchini mwaka 2023. Mwaka huo huo wa 2013 mwanzilishi alihesabiwa na shirika la habari la CNN miongoni mwa mashujaa wake 10 wa mwaka.

Shule haikuwaaga wahitimu wake langoni ikawasahau. Huendelea kuwafuata katika sekondari kwa msaada wa karo na ushauri, na baadhi yao wamefika vyuo vikuu, ndani ya Kenya na ng'ambo. Kwa msichana ambaye bibi yake hakushika kalamu na mama yake aliozwa akiwa mtoto, hiyo ni safari ndefu.

Hata hivyo naomba tusihesabu matunda ya shule kwa joho na kofia tu. Yuko mhitimu ambaye hatakuwa daktari wala wakili. Atauza nguo sokoni, atafundisha chekechea, atafuga. Lakini atazaa mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka 23 badala ya 14, nyonga zikiwa zimekomaa, na atakuja kliniki ya wajawazito mapema, kadi mkononi, bila kungoja ruhusa ya mtu wa tatu. Binti yake hataona kisu. Huyo naye ni mhitimu wa kujivunia, ingawa picha yake haitatundikwa ukutani.

Yanayoonekana chumba cha kuzalia

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake 28,393 waliojifungua katika vituo 28 vya nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Wale waliokeketwa na kushonwa walihitaji zaidi upasuaji kwa asilimia 31, na hatari yao ya kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa ilizidi kwa asilimia 69, wakilinganishwa na wasiokeketwa. Hatari ya mtoto kufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye nayo ilizidi kwa asilimia 55. Hata kwa ule ukeketaji ambao watu huuita mdogo, hatari ya kifo cha mtoto iliongezeka kwa asilimia 15.

Sababu yake si uchawi. Kovu halivutiki kama ngozi ya kawaida. Kichwa cha mtoto kinaposukuma, kovu huzuia au huchanika vibaya. Msichana mdogo ambaye nyonga zake bado ni nyembamba aweza kukaa na uchungu siku mbili au tatu, na akiokoka aweza kubaki na fistula, akivuja mkojo mchana na usiku, akakimbiwa hata na mumewe.

Somo la mwaka 1929

Wazee wetu wa makanisa ya Kenya ya kati hawajasahau mwaka 1929. Wamisionari wa Kiskoti na wenzao waliwataka waumini na walimu watie sahihi au dole gumba kukataa tohara ya wasichana, na aliyekataa alitengwa. Nia ya kuwalinda wasichana ilikuwa njema, lakini amri ilitoka juu, tena kwa wageni, wakati ambapo watu walikuwa na uchungu wa ardhi yao. Makanisa yalibaki nusu tupu. Wazazi wakawatoa watoto wao katika shule za misheni, wakajenga shule zao za kujitegemea, ambazo ziliendelea mpaka zilipofungwa na serikali ya kikoloni wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Tohara ikawa alama ya kupinga utawala, ikashikwa kwa nguvu zaidi.

Tazameni basi ajabu hii. Wakati ule shule za kujitegemea zilianzishwa na wazazi waliokataa kuamriwa waiache desturi. Enoosaen shule ya kujitegemea imejengwa ili desturi hiyo ikome, na wazazi wenyewe wanatoa ahadi. Tofauti ni kwamba hapa neno lilitoka kwa binti wa nyumbani, likapitia kwa wazee, likaombwa na akina mama. Sheria nayo inahitajika, wala sidharau kazi yake. Lakini sheria humkuta mtu akiwa amekwisha kukosa, na mafundisho humkuta kabla.

Kenya kwa jumla imepiga hatua. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Lakini hesabu ya taifa huficha ya kila jamii. Mwaka 2014, wakati hesabu ya nchi ilikuwa 21, kwa Wamaasai ilikuwa bado 78.

Nasi tufanye nini?

Si kila parokia yaweza kujenga shule. Lakini kila chama cha akina mama chaweza kufanya haya:

Kwanza, tulinde likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Hiyo ndiyo majira ya visu. Kanisa lenye ukumbi laweza kuandaa kambi ya wasichana, ya neno la Mungu, michezo na afya, na kuwalaza mahali salama.

Pili, tusidanganywe na maneno ya usafi. Wapo wazazi wanaomwendea muuguzi wakitaka kazi ifanywe kwa glavu na ganzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamhusu muuguzi kama inavyomhusu ngariba. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, na mtoto akifa, kifungo chaweza kuwa cha maisha. Glavu hazibadili jina la tendo.

Tatu, tuchunge ndimi zetu. Sheria hiyo hiyo inakataza kumdhihaki mwanamke kwa sababu hakukeketwa. Je, ni mara ngapi dhihaka hiyo imetoka kwa shangazi na mama wakwe waliotoka ibadani asubuhi? Wasichana wengi hukubali kisu si kwa kupenda, bali kwa kuchoka kuchekwa.

Nne, tuwaalike wahitimu. Binti wa mtaa wenu aliyesoma bila kukeketwa akisimama mbele ya akina mama dakika 10, huzidi hotuba yangu ya saa nzima.

Tano, msichana akikimbilia mlangoni kwako, mpokee, kisha mjulishe chifu au ofisi ya watoto. Nchini Kenya simu ya watoto ni 116, nayo haina malipo.

Na wewe dada uliyekwisha kupitia kisu, wala hukuulizwa, usione haya. Ukishika mimba njoo kliniki mapema, umweleze mkunga wazi, ili ajiandae kukusaidia. Hatutakucheka. Kovu lako si dhambi yako.

Mungu awabariki akina mama wa Enoosaen, ambao walipoulizwa wanataka nini hawakuomba kanga wala sukari, bali waliomba shule. Atupe na sisi hekima ya kuomba vilivyo bora kwa ajili ya binti zetu. Amina.