Matunzo ya Watoto: Hukumu ya Kericho Haivuki Bahari

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuachia neno juu ya mdaiwa aliyepanda ndege, akashukia Minneapolis au Dallas, akapata kazi, akaoa tena, na nambari yake ya simu ikawa haipatikani. Swali hilo linaulizwa leo katika nyumba si haba za Kericho na Bomet, tangu Litein na Kapkatet hadi Sotik na Mogogosiek, na wanaoliuliza hasa ni akina mama walio na hukumu ya mahakama mkononi.

Natuchukue mfano ambao wakili yeyote wa Kericho atautambua bila ya kutajiwa jina la mtu. Mume na mke wameachana mahakamani. Hakimu amemwamuru baba atoe shilingi 15,000 kila mwezi kwa matunzo ya watoto wawili, na karo juu yake. Baba analipa miezi mitatu, kisha anasafiri. Malimbikizo yanapanda mwezi baada ya mwezi. Mama anarudi kwa karani wa mahakama, naye anamwambia kwamba hukumu yake ni halali, imetiwa muhuri, haina kasoro. Naam, haina kasoro. Ila nguvu zake zinaishia Namanga, Busia na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Sababu si ngumu kuielewa. Hukumu ya hakimu wetu hutiwa nguvu na dalali wa Kenya, polisi wa Kenya na gereza la Kenya. Mdaiwa akiwa Bureti, anaweza kuitwa aeleze kwa nini asifungwe. Akiwa Texas, hakuna askari wetu awezaye kumbishia hodi. Wako wanaodhani kwamba ubalozi wetu mjini Washington unaweza kumkata mshahara mtu huyo. Ubalozi si dalali wa mahakama, na mwajiri wa Marekani hatii barua ya balozi.

Wachumaji chai wa Kericho wameuonja ugumu wa mipaka hii kwa upande wa pili. Waliopata maumivu ya mgongo waliipeleka kampuni ya James Finlay (Kenya) mbele ya mahakama ya Edinburgh, kwa kuwa kampuni hiyo imesajiliwa Scotland. Mwaka wa 2023 majaji wa rufaa wa huko waliisimamisha kesi ili kwanza watafute fidia kwa sheria za Kenya. Ikiwa kundi zima la wafanyakazi lenye mawakili wa ng'ambo hurudishwa nyumbani namna hiyo, seuze mama mmoja mwenye bahasha ya kaki?

Hata hivyo nchi za ng'ambo hazilingani. Uingereza inaitambua Kenya miongoni mwa nchi inazoshirikiana nazo katika matunzo chini ya sheria yake ya mwaka wa 1972, nasi tunayo Sura ya 154 ya sheria zetu, tuliyoirithi kwa wakoloni. Amri ya hapa hutumwa kupitia serikali, ikasajiliwa huko, na baba akaanza kudaiwa na mahakama ya mtaa anaoishi. Njia ni ndefu na faili laweza kulala mezani miezi mingi, lakini njia ipo. Kwa aliyekwenda Ghuba, sina la kumwambia mama isipokuwa atafute mali iliyobaki nyumbani.

Marekani, wanakokwenda wengi wa vijana wetu, iko mbali zaidi kuliko ramani inavyoonyesha. Hakuna mkataba baina yake na Kenya wa kutekelezeana hukumu za matunzo. Tena Marekani si mahakama moja: Minnesota ina majaji wake na Texas ina wake. Jaji wa huko aweza kuitambua amri ya Kericho kwa heshima baina ya mataifa, wala si kwa kulazimika. Atauliza kwanza kama baba alipelekewa samansi ipasavyo, na kama mahakama yetu ilikuwa na mamlaka juu yake. Hapo ndipo hukumu nyingi zinapoweza kuanguka. Kesi iliyosikizwa upande mmoja, baba akiwa amekwisha kuondoka na wito umebandikwa ukutani, huonekana ushindi siku ile. Mbele ya jaji wa kigeni ni karatasi tupu. Kanuni zetu za mwaka wa 2010 zinataka idhini ya mahakama kabla ya kumpelekea wito mtu aliye nje ya nchi. Wakili anayeiruka hatua hiyo ili kuharakisha kesi anamdhulumu mteja wake.

Mama anaweza pia kuanza upya kwa kufungua dai katika jimbo anakoishi baba. Akishinda huko, meno yapo: mwajiri hukata mshahara kabla haujafika mfukoni, marejesho ya kodi huzuiwa, leseni ya udereva husimamishwa, na anayedaiwa zaidi ya dola 2,500 hunyimwa pasipoti ya Marekani. Lakini wakili wa huko hulipwa kwa saa na kwa dola, na mama anayeishi kwa kilo za majanichai anazopima kituoni atazitoa wapi?

Ajabu ni kwamba fedha zenyewe hazina shida ya kuvuka. Mwaka wa 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Baba yule yule ambaye amri ya mahakama haimfikii aweza kumjengea mamaye nyumba ya mawe kule Bomet kwa kubonyeza simu, na watoto wake wakaiona nyumba hiyo kila asubuhi wakielekea shuleni. Sisemi kwamba kila aliye ng'ambo ni tajiri au mkaidi. Wengi hufanya kazi za usiku za kuwatunza wazee, na kodi ya nyumba huwamaliza. Mwenye hali hiyo ana haki ya kuiomba mahakama ipunguze kiwango. Asichokuwa na haki nacho ni kunyamaza.

Zamani, miongoni mwa Wakipsigis, shauri kama hili lingefika kwenye kokwet, na wazee wangeuelekeza uso wao kwa ukoo wa mume, kwani ng'ombe walikuwa pale pale machoni pao. Mahakama haiwezi kuutoza ukoo, wala sitaki iweze. Lakini yaweza kuitazama mali ya mtu mwenyewe iliyobaki. Katika nchi ya chai mali hiyo ni michai yake na bonasi anayolipwa na kiwanda kila mwaka. Bonasi ni deni ambalo kiwanda kinadaiwa na mkulima, na sheria inaruhusu mwenye hukumu aombe deni la namna hiyo lizuiwe na kuelekezwa kwake. Shamba nalo laweza kuwekewa zuio lisiuzwe.

Kikwazo ni majina. Aghalabu hatimiliki ingali katika jina la babu aliyefariki, mirathi haijafunguliwa, na namba ya mkulima imeandikishwa kwa mama mzazi wa mdaiwa au kwa kaka yake. Mara nyingine ni desturi tu. Mara nyingine namba ilibadilishwa wiki chache kabla ya safari, na kila mtu kijijini ajua kwa nini. Mama anayedai asingoje hadi kiwanda kimwambie kwamba jina hilo halipo. Aulize kabla kesi haijasikizwa, na vielelezo vya uzito wa majani viwekwe mbele ya hakimu mapema. Akisikia kwamba mumewe amepata viza ilhali kesi ingali mahakamani, Amri ya 39 ya kanuni hizo hizo za 2010 inamruhusu kuomba mdaiwa aweke dhamana kabla ya kuondoka. Ni ombi moja tu, nalo laweza kuokoa miaka kumi ya kufuatana.

Serikali nayo haiwezi kujificha nyuma ya umbali. Uko Mkataba wa The Hague wa mwaka wa 2007 juu ya kukusanya matunzo ya watoto kimataifa. Umoja wa Ulaya uliuanza mwaka wa 2014, Marekani tarehe 1 Januari 2017, na Uingereza imo. Kwa mkataba huo mama hupeleka ombi kwa ofisi moja nchini mwake, nayo huandikiana na ofisi ya nchi aliko baba, na kwa matunzo ya watoto msaada wa kisheria kwa kawaida hutolewa bila malipo. Kenya haimo. Ilhali tulijiunga na mkataba wa The Hague wa kuwaasili watoto mwaka wa 2007, na Septemba 2024 tukatia sahihi makubaliano na Ujerumani ya kupeleka wafanyakazi. Tukiweza kuketi mezani kupanga jinsi baba atakavyoondoka, hakuna kinachotuzuia kupanga, meza ile ile, jinsi watoto wake watakavyokula. Wabunge wa Kericho na Bomet, ambao hawakosi kwenye mikutano ya bonasi, wamwulize Mwanasheria Mkuu bungeni ni lini.

Wakati jibu likisubiriwa, wenye hukumu wakumbuke kwamba sheria ya ukomo inaipa hukumu miaka 12 tu. Mwaka wa fedha wa viwanda vya wakulima wadogo hufungwa mwisho wa Juni na bonasi hutoka yapata Oktoba. Ombi la kuizuia likifika mahakamani Novemba, fedha zitakuwa zimekwisha kutolewa benki.