UCHAMBUZI: Geji ya turbo haisemi ukweli wote

BAADHI ya wamiliki wa magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa Subaru Impreza WRX na Forester, wamezoea kuondoa turbo ya kiwandani na kufunga kubwa zaidi. Baadaye huuliza: shinikizo la hewa liongezwe hadi kiwango gani bila kuangamiza injini?

Wengi hutarajia jibu la tarakimu moja. Hata hivyo, tarakimu ambayo turbo inaistahimili Mombasa huenda ikaichosha upesi Nairobi.

Turbo huendeshwa na moshi wa injini. Moshi huzungusha gurudumu moja, na la pili, lililo kwenye mhimili uo huo, husukuma hewa ndani ya injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni karibu asilimia 82 ya lile la pwani. Geji inaposoma baa 1, turbo iliyoko Mombasa huwa imegandamiza hewa mara 2. Ya Nairobi huwa imeigandamiza mara 2.2. Ili kufikia hapo, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayotoka huwa ya moto zaidi. Anayeongeza shinikizo ili kufidia nguvu zilizopotea kwa sababu ya mwinuko huizidishia mzigo.

Injini nayo ina kikomo chake. Hewa ikiwa nyingi na ya moto kupita kiasi, petroli hujilipukia kabla ya wakati na kupasua pistoni. Magari mengi ya kasi yaliundwa kwa petroli ya Japani yenye oktani inayokaribia 100, ilhali ile ya kawaida nchini iko chini ya hapo. Isitoshe, kanuni ya KS 1515 huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka minane, hivyo injini nyingi hufika zikiwa zimetumika kwa muda mrefu.

Kuhusu uhai wa turbo yenyewe, adui mkubwa ni uchafu na ukosefu wa mafuta. Mhimili huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta ya injini. Dereva anayezima gari mara tu baada ya kulikimbiza huyaacha mafuta hayo yaungue na kugeuka masizi yanayoziba njia. Dakika moja au mbili za kuiacha injini ikinguruma polepole huepusha hasara hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya kuongeza shinikizo, mwenye gari hana budi kubadilisha mafuta kwa wakati, kutumia petroli bora na kumtafuta fundi anayeweza kurekebisha kompyuta ya injini kwa vipimo, wala si kwa kusikiliza mngurumo. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.