Kukata ni kwa mzazi, kusubiri ni kwa mtoto



Hapa Kampala tunapeana vipande vya kaktasi ndefu yenye mabaka meupe. Ni zawadi njema, lakini tuichunguze kwanza. Ikikatwa ikatoa utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si kaktasi bali ni yuforbia, na utomvu wake hudhuru macho vibaya. Basi akate mtu mzima aliyevaa glavu. Jicho likiguswa, lioshwe kwa maji mengi na twende hospitali haraka.

Kisha kidonda cha kipande kikauke kivulini kwa wiki mbili hivi, ndipo tukisimamishe kwenye mchanga wenye kokoto. Tusimwagilie mpaka kishike mizizi, maana maji ya mapema hukiozesha. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei kikae barazani. Tena tuchague chenye kijani cha kutosha, kwani sehemu nyeupe haijitengenezei chakula.

Kwa maoni yetu, kila mtoto apewe chungu chake. Atakayeweza kuzuia mkono wake wiki hizo zote amejifunza subira, ambayo kwa maneno matupu tumeshindwa kumfundisha.